Nunua Pawasaplai Kwanza, Sabufa Baadaye

Wasee, leo sizungumzii simu wala kamera. Nazungumzia kitu ambacho hakuna mtu huwahi kukipiga picha akakiposti: pawasaplai. Kile kisanduku cha chuma chenye feni, nyuma ya kompyuta, pale unapochomeka waya wa stima. Kazi yake ni kuchukua stima ya ukutani, volti 240, na kuigeuza kuwa volti 12, volti 5 na volti 3.3, chakula ambacho kompyuta inaweza kula bila kuungua. Ni hiyo tu. Na ndicho kitu cha mwisho ambacho watu wa hapa Madogo hutengea pesa.

Msimamo wangu ni huu: kama unajenga kompyuta ya sinema ya nyumbani huku kwetu, pawasaplai ndiyo ya kwanza kununua. Kabla ya sabufa, kabla ya skrini kubwa, kabla ya zile taa za kubadilika rangi. Najua utaniambia mimi ni mtu wa kupenda vyuma. Sawa. Nisikilize hadi mwisho halafu unirushie mawe.

Kwanza, kwa nini kompyuta na si decoder au kijiti cha kuchomeka kwa TV? Kwa sababu bando ni ghali na nyumba zetu zina watu wengi. Mtu mmoja akishusha sinema, mpira au mawaidha, anaweka kwa diski, na nyumba nzima inaangalia bila kununua bando tena. Wadogo wana katuni zao, mathe ana harusi zake, buda ana mechi za zamani ambazo matokeo anayajua lakini bado anapiga kelele. Tangu niache chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imegoma kabisa, hii ndiyo kazi inayonilisha nikichanganya na video ninazoposti. Nanunua kompyuta ndogo za ofisi, zile za mtumba tunazoziita ex-UK, nazisafisha, naongeza diski, naziunganisha na TV. Hadi sasa nimejenga kumi na moja, pande zote mbili za daraja, Madogo na Garissa.

Hizo kumi na moja zote bado zinawaka. Ya binamu yangu haikuwa kati ya hizo.

Binamu yangu alijengewa yake na fundi mwingine. Mashine ilikuwa fiti, lakini pawasaplai yake ya asili ilitolewa ikawekwa nyingine mpya, isiyo na jina la maana, iliyoandikwa 600W kwa herufi kubwa za dhahabu. Ikakaa miezi saba. Usiku mmoja stima ikapotea, ikarudi, ikapotea, ikarudi kwa nguvu. Nyumba ikanuka kama nywele zilizoungua. Watoto walikuwa wamelala kwenye mkeka mita mbili kutoka kwa hiyo TV. Alhamdulillahi, moshi ulitoka na moto haukushika. Lakini ile pawasaplai haikufa peke yake. Ilipokuwa ikifa ilisukuma volti isiyofaa hadi kwenye bodi, na hadi kwenye diski.

Sinema zilizokuwa kwenye diski hazikuniuma. Sinema utazipata tena. Kilichoniuma ni faili moja ya dakika arobaini: babu yetu, kabla hajafariki, ameketi chini ya mwembe akisimulia kwa Kimunyoyaya jinsi walivyokuwa wakiishi kando ya Tana alipokuwa kijana. Mimi sijawahi kuona sinema ya Kimunyoyaya. Hiyo ilikuwa ndiyo sinema yetu. Ilirekodiwa kwa simu, simu ikaibwa, faili ikabaki hapo tu. Diski tuliipeleka kwa mafundi wawili. Wa kwanza alitingisha kichwa. Wa pili alitaja bei, sisi ndio tukatingisha vichwa.

Kwa hivyo nikikuambia hii kitu ni muhimu, siongei kuhusu kompyuta peke yake.

Sasa tuingie kazini. Ukisoma ushauri wa wazungu kuhusu pawasaplai ya kompyuta ya sinema, wanazungumzia ukimya. Wanataka isiyo na feni ili wasisikie kelele mhusika akinong'ona. Kaka, sisi sebuleni kwetu feni ya dari inanguruma kama helikopta, mbuzi analia nje, na muadhini ana spika nne. Ukimya si shida yetu. Shida zetu ni tatu: joto, vumbi, na stima inayocheza. Chagua kwa hizo tatu.

Anza kwa kusoma lebo, na si ile namba kubwa. Geuza kisanduku upande, utaona jedwali dogo lenye volti na ampia. Tafuta safu ya 12V. Chukua ampia zake uzidishe kwa 12. Kompyuta ya siku hizi inakula karibu kila kitu kutoka hapo, kwa hivyo hizo ndizo wati zako za kweli. Ile ya binamu yangu niliigeuza baada ya maiti kupoa: ampia 16. Mara 12 ni wati 192. Hizo 600 zilikuwa za mapambo. Pawasaplai ya kweli ya wati 450 itakuonyesha ampia 35 hivi au zaidi kwenye hiyo safu. Hesabu ya darasa la nne inakuokoa hapo dukani, bila fundi na bila intaneti.

Pili, usinunue kubwa kupita kiasi. Kompyuta ya sinema si lori. Mashine zangu nazipima kwa kipimo cha kuchomeka ukutani: zikicheza sinema zinavuta kama wati 40, zikijitahidi sana zinafika 70 au 80. Wati 300 za kweli zinatosha na kubaki. 450 ukitaka nafasi ya kuongeza diski na kadi ndogo ya picha. Mtu akikuuzia 1000W kwa kompyuta ya kuangalia mpira, amekuona unatoka mbali. Tena pawasaplai huwa na ufanisi mbaya zaidi ikibeba mzigo mdogo sana, kwa hivyo ile kubwa inakupotezea stima bure.

Tatu, hiki cheti cha 80 PLUS. Mtu aliyeacha chuo akikuambia usiamini cheti peke yake, cheka, lakini nisikie. Mpango huu ulianza 2004. Cha kawaida kinamaanisha pawasaplai haipotezi zaidi ya asilimia 20 ya stima inayoingia, ikipimwa kwenye mzigo wa asilimia 20, 50 na 100. Juu yake kuna Bronze, Silver, Gold, Platinum na Titanium. Ni kipimo kizuri cha ubadhirifu. Si kipimo cha uimara. Na tena inapimwa kwenye chumba cha nyuzijoto kama 23. Madogo nyuzi 23 tunaziona alfajiri kwa bahati, tukitafuta shuka. Mchana ni 35, 36, na ndani ya kompyuta iliyofichwa kwenye kabati la TV ni zaidi ya hapo.

Na usidanganywe kwamba Gold itajilipa kwa tokeni. Piga hesabu nami. Kompyuta inahitaji wati 50, unaiwasha saa nne kila siku. Pawasaplai yenye ufanisi wa asilimia 85 itavuta karibu wati 59 ukutani. Mbovu ya asilimia 70 itavuta 71. Tofauti ni wati 12 na kidogo. Kwa mwezi mzima hiyo ni kama yuniti moja na nusu. Hata chai na mahamri hazikutoshi. Sababu ya kununua nzuri ni kwamba kile ambacho hakipotei kama stima hakigeuki kuwa joto ndani ya kisanduku. Na joto ndilo muuaji.

Hapa ndipo watu wengi hawafiki, kwa hivyo tulia. Ndani ya pawasaplai kuna vitu vidogo kama mikebe, vinaitwa kapasita. Vingi vina majimaji ndani. Vikipata joto, majimaji yanakauka polepole. Kanuni ambayo mafundi wanaitumia ni kwamba kila ukipunguza nyuzi 10, kapasita inaishi karibu mara mbili. Sasa kuna kapasita za nyuzi 85 na za nyuzi 105. Hizo nyuzi 20 katikati ni mara mbili, halafu mara mbili tena. Kwa hivyo pawasaplai yenye kapasita za 105 inaweza kuishi mara nne ya mwenzake katika joto lile lile. Mtengenezaji mwenye kapasita za 105 hujisifu kwenye boksi. Akinyamaza, jiulize kwa nini.

Angalia pia wati zimehesabiwa kwenye joto gani. Wale waaminifu huandika nyuzi 40 au 50. Wengine wanahesabu kwa 25, na wati hizo zinayeyuka ukizileta Tana River. Na usichukue isiyo na feni. Kama ina kile kitufe cha kuzima feni mzigo ukiwa mdogo, kizime. Acha feni izunguke muda wote. Feni kubwa ya sentimita 12 inayozunguka taratibu ni bora kuliko ndogo inayopiga mbio. Kila baada ya miezi mitatu, chomoa waya, pulizia vumbi nje. Usifungue kisanduku chenyewe. Ndani kuna umeme unaobaki hata baada ya kuchomoa, na hauna huruma.

Nne, macho na mikono. Inue. Nyepesi kama boksi la kiberiti? Irudishe. Shaba na vipoozeo vina uzito. Shika waya: nyembamba kama uzi wa kushonea, irudishe. Angalia nyuma kama kuna kile kitufe chekundu cha kuchagua 115 au 230. Hicho ni alama ya muundo wa zamani, na kikiwa kwenye 115 ukachomeka kwenye stima yetu ya 240, utasikia bunduki. Za kisasa nzuri zinajirekebisha zenyewe, na lebo itasema 100-240V. Halafu tafuta kama wameandika kinga: dhidi ya volti kupita kiasi, dhidi ya mzigo kupita kiasi, dhidi ya joto, dhidi ya shoti. Ni kinga ya kwanza hapo ambayo ingeokoa sauti ya babu.

Tano, na hii ni kwa sisi wa ex-UK. Hizi mashine ndogo za Dell, HP na Lenovo mara nyingi hazitumii pawasaplai ya umbo la kawaida. Nyingine zina plagi zake, nyingine ni nyembamba kama rula. Fundi atakuambia anaweza kukata waya na kuunga. Mwambie hapana, kwa heshima. Tafuta ile ile ya asili iliyotolewa kwenye mashine nyingine ya aina hiyo. Luthuli Avenue pale Nairobi zipo, na zinasafirishwa kwa basi hadi Garissa kama kifurushi. Mimi naamini zaidi pawasaplai ya asili ya miaka minane iliyotoka ofisini Uingereza kuliko "mpya" isiyo na mwenyewe. Ile iliundwa kwa ajili ya kampuni ambayo ingeshtaki.

Ukinunua mpya kabisa kwa kasha la kawaida, chukua jina linalojulikana, Seasonic, Corsair, Cooler Master, watu kama hao, modeli yenye dhamana ya miaka mitano au zaidi. Sijalipwa na mtu. Najua kutoka hapa kudai dhamana ni safari. Lakini mtengenezaji anayethubutu kuandika miaka mitano amefanya hesabu ya kapasita zake. Anayeandika miezi sita pia amefanya hesabu.

Sasa stima yenyewe. Kuna kitu kinanichekesha hapa kwetu. Maji yanayopita chini ya daraja kati ya Madogo na Garissa yameshapitia Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mabwawa matano, mitambo ya umeme kila mahali. Upande wa Garissa kuna mtambo wa sola wa megawati 50 uliofunguliwa Desemba 2019. Yaani tumezungukwa na stima kwa maji na kwa jua, na bado kila nyumba hapa ina tochi karibu na mto wa kulalia. Na hata ukihamia Nairobi hujaikimbia: tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilizima, hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta.

Watu wanaogopa stima ikipotea. Kompyuta yako inapaswa kuogopa ikirudi. Inaporudi, kila friji, kila pampu na kila feni ya mtaa inaamka pamoja, na volti inapanda na kushuka kama mtu aliyelewa akitafuta mlango. Kwa hivyo pawasaplai nzuri inahitaji mlinzi mlangoni. Kwa bei ndogo, chukua ile gadi ya TV au friji inayokata stima ikiwa mbaya na kungoja dakika chache kabla ya kuirudisha. Hiyo kungoja ndiyo dawa. Kama una pesa zaidi, chukua UPS. Pawasaplai nzuri inaweza kuvumilia kama milisekunde 16 bila stima, na UPS ya kawaida hubadilisha chini ya milisekunde 10, kwa hivyo sinema haitikisiki. Mbovu haivumilii, na utailaumu UPS bure.

Wenye sola, sikieni. Inveta za bei rahisi hutoa stima ya mawimbi ya ngazi ngazi, si laini kama ya ukutani. Pawasaplai za kisasa wakati mwingine huikataa: zinazima, zinapiga mluzi, zinapata joto. Tafuta inveta ya wimbi safi, hata kama ni ndogo. Wati 300 safi ni bora kuliko 1500 za kelele. Na hakikisha soketi yako ina waya wa ardhi ulioungwa kweli kwenye chuma kilichozikwa, si tundu la tatu la mapambo. Ukigusa kasha la kompyuta ukahisi mchomo, hiyo si baraka.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika: "Bro, ngiri tano kwa kisanduku? Doo sina." Nakusikia. Buda wangu aliniuliza hivyo hivyo, kwa sauti ya mtu aliyelipa karo ya miaka miwili: "Elfu tano kwa kitu hakionekani?" Nilimjibu kwamba msingi wa nyumba pia hauonekani. Hakucheka, lakini alilipa.

Kama pesa ni kidogo, mpangilio wangu ni huu: baki na pawasaplai ya asili ya mashine, isafishe, usiibadilishe kwa sababu tu kuna mpya inayong'aa. Halafu gadi. Halafu diski ya pili. Sabufa ije mwezi mwingine. Sauti ya TV haijamuua mtu.

Na kumbuka tunaishi wapi. Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024, mafuriko yalikata barabara hapo Kona Punda. Watu walivuka kwa boti, na boti moja ilizama na wengine hawakurudi. Wakati kama huo hakuna anayewaza kifurushi cha pawasaplai kutoka Nairobi, na haifai awaze. Lakini ndiyo maana kitu cha kutegemewa kina thamani kubwa zaidi hapa kuliko kwa mtu wa Nairobi ambaye duka liko chini ya gorofa yake. Yeye ikifa leo, kesho ana nyingine. Wewe unanunua kitu cha kukaa na wewe njia ikifungwa.

Mwisho, hata pawasaplai bora duniani itakufa siku moja. Kwa hivyo vitu ambavyo haviwezi kushushwa tena, picha za harusi, sauti za wazee, viweke kwenye diski ya pili ambayo haijachomekwa popote, ndani ya sanduku la nguo. Wiki hii nimeanza kuzunguka kwa nyanya zetu na simu na maikrofoni ya shilingi mia saba. Watatu wamekubali kusimulia. Mmoja amesema kwanza nimrekebishie redio.

Kama una mzee nyumbani, mrekodi kabla ya kununua chochote nilichotaja hapa. Halafu nenda kageuze kompyuta yako, soma safu ya 12V, zidisha kwa 12, uniandikie umepata ngapi. Wenye namba za mapambo, tutafutane mapema, kabla mvua haijaanza.